Bwana Starehe wa Wawi

Silima Jaribu wa Wawi alikuwa mtu wa kukaa. Mvivu hakuwa, karani msaidizi kwenye ghala la karafuu Chake Chake hana pa kuuweka uvivu msimu unapopamba moto. Lakini kazi, kwake yeye, ilikuwa njia tu ya kufikia alasiri. Akisharudi na kusali, alikwenda barazani kwa Mzee Turki, akavua viatu, akakaa mkabala na Thabit mwana wa Turki, bao likawekwa kati yao, na hapo ndipo siku yake ilipoanza.

Yeye na Thabit walisoma chuo kimoja cha Kurani na kuchapwa na mwalimu mmoja. Thabit alikuwa Mwarabu wa pale pale Wawi, wa mikarafuu iliyozeeka na nyumba ya mawe inayovuja. Silima alikuwa mtoto wa mkulima wa muhogo, aliyebahatika kusoma mpaka Kiingereza kikamkaa mdomoni. Hayo yalijulikana na hayakumshughulisha mtu. Kilichoulizwa barazani ni nani kafungwa na nani, na kahawa ya leo mbona nyepesi. Nyange, mpiga zumari aliyeitwa kila penye mchezo wa ng'ombe, alikuwa na pembe yake ya kukaa hapo. Alicheza bao vibaya na kucheka sana.

Mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza, mkubwa mmoja wa serikali alimwita Silima na kumwambia ameazimwa. Kuna mwanamke wa Kiingereza kaja, mwalimu wa chuo kikuu cha kwao, anataka mtu wa kumtembeza na kumfasiria. Jina lake lilikuwa Carrow. Watu wa Wawi waliligeuza siku hiyo hiyo wakamwita Bi Kero, na yeye, aliyejifunza Kiswahili vitabuni, alipoelezwa maana yake alicheka na kulikubali.

Alichokuja kukisoma ndicho kilichowavunja watu mbavu. Hakuja kupima udongo wala kutafuta malaria. Alikuja kusoma wasaa: mtu akishamaliza yale anayolazimika kuyafanya, hufanya nini, na nani, na nani humwamulia. Mzee Turki alitaka kujua kama huko Ulaya kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Silima akafasiri. Bi Kero akajibu kwamba wapo, wana vitabu vyao, na wanagombana. Baraza zima lilicheka mpaka Nyange akamwaga kahawa.

Wakirudi, Silima alimuuliza kwa adabu serikali inataka nini katika bao. Alimjibu kwamba serikali imechangia nauli tu. Elimu ni ya chuo, na chuo hakimtumikii mtu. Kisha akasimama njiani, kama kawaida yake akiwa na jambo la kufundisha.

"Ukitaka kujua watu wanatawaliwa vipi, Bwana Silima, usiwatazame kazini. Kazini kila mtu anatii. Watazame wakipumzika. Hapo ndipo utaiona serikali, kwa sababu hapo wenyewe wanadhani haipo."

Neno hilo lilimwingia Silima likakaa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jambo analolipenda kuliko yote lina uzito wa kusomwa. Alianza kuyaona mambo aliyoyapita maisha yake yote. Aliona kwamba barazani kuna anayekaa karibu na mlango na kuna anayekaa jua linapopiga, na kwamba hakuna aliyewapanga. Katika mchezo wa ng'ombe, dume lilipotolewa na kamba yake ndefu, na vijana wakaliendea na vitambaa na kuruka pembe, na zumari la Nyange likalia mpaka vumbi likasimama, alizoea kulitazama dume kama watu wote. Sasa aliwatazama watu. Aliona nani anapewa kitambaa kwanza, wanawake wanamwimbia nani na nani wanamnyamazia, shamba la nani linakanyagwa bila ya mwenyewe kusema. Jioni alimweleza Bi Kero, na uso wa yule mwanamke uling'aa. Watu walimpa jina: Bwana Starehe. Mwanzoni lilikuwa la mzaha, naye akalivaa kama kanzu mpya.

Mkewe, Mwanapili, mwanamke wa Msuka asiyependa maneno mengi, hakulipenda jina hilo. Alimuuliza siku moja, akiwa anamsuka nywele binti yao Khairiya, kama wale anaowatazama wakicheza wanajua kwamba wanatazamwa. Silima alisema wanajua. Mwanapili alisema kujua siku ya kwanza si kujua kila siku, akaendelea kusuka.

Kisha vyama vikaingia barazani.

Havikuingia kwa ghafla. Kwanza ilikuwa ubishi, na ubishi ni chumvi ya baraza. Halafu kukawa na kadi mifukoni. Halafu siku moja mwuza kahawa aliambiwa na upande mmoja kwamba akiwauzia wa upande wa pili asije tena kwao, na mwuza kahawa, aliyekuwa na watoto wengi, akachagua. Baraza ya Mzee Turki ikabaki na watu wa chama chao, na wa chama cha pili wakajenga yao ng'ambo ya njia, mahali ambapo kila upande uliweza kuusikia mwingine ukinyamaza. Timu ya mpira ya Wawi iligawanyika. Waliposhindwa kukubaliana mpira ubaki na nani, mtu mmoja aliuchana kwa kisu mbele ya wote, na pande zote mbili zikamshangilia. Harusi mbili za mtaa mmoja zilipigwa siku moja kwa makusudi ili ijulikane nani wa nani. Wanawake waliozoea kutwanga pamoja walitwanga peke yao.

Nyange alihamia ng'ambo. Kilichomhamisha ni ng'ombe. Dume lililokuwa likipendwa kuliko yote kwenye mchezo lilikuwa la mjomba wake, na msimu ule lilitungiwa wimbo wa kukisifu chama cha ng'ambo. Asubuhi ya mchezo lilikutwa zizini limekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, limekaa kama mbwa, linajaribu kuinuka na kuanguka. Nyange alilipigia zumari mpaka mjomba wake alipokuja na kisu. Hakuna aliyejua nani kafanya, na kila mtu alijua ni upande gani.

Bi Kero alifika na kamera. Alilipiga picha dume, akampiga picha Nyange akilia, akamwambia Silima, kwa sauti ya chini ya mtu aliyeokota dhahabu, kwamba watu wa fani yake wamebishana miaka mingi kama siasa inaumba starehe au starehe ndiyo inayoumba siasa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona jambo lenyewe likitokea mbele ya macho yake. Silima alikumbuka baadaye kwamba na yeye alifurahi, kidogo, kwa kuwa Bi Kero kafurahi.

Bi Kero alimkataza kuchukua kadi ya chama chochote. Alimwambia kazi yao itakuwa na maana ikiwa ataweza kukaa baraza zote mbili na kusikia zote mbili. Silima alitii, na utii wake ulikuwa na majivuno ndani. Alikaa kwa Mzee Turki Jumatatu, akakaa ng'ambo Jumanne, akidhani ananunua heshima ya pande mbili. Alichokuwa akinunua ni kitu kingine. Alipofika, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua. Ng'ambo walisema ni mtu wa Turki anayeletwa kusikiliza. Kwa Turki walisema ni mtu wa ng'ambo anayelipwa na Waingereza. Ni Thabit peke yake aliyeendelea kumwekea bao, na alipoulizwa na wenzake kwa nini, alisema Silima hajui kuwa na chama kwa sababu hajui kufunga bao, atajuaje kufunga kitu kingine.

Mwanzoni mwa mwaka wa chaguzi mbili, Khairiya alishikwa na homa. Alikuwa na umri wa kuanza kupoteza meno. Aliugua kwa muda mfupi kuliko ilivyohitajika kumpelekea habari bibi yake Msuka, akafa asubuhi, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake.

Silima alipeleka habari mwenyewe. Alisimama mbele ya baraza ya ng'ambo akasema mtoto kafa. Walisema innalillahi, wote, bila ya kuinuka. Mmoja alimwambia awaendee watu wake. Alikwenda barazani kwa Mzee Turki. Pale nako walisema innalillahi, na mtu mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyempakata Silima utotoni, akamwambia wasingeweza kwenda kukaa msibani na watu wa ng'ambo. Silima alisema watu wa ng'ambo hawaji. Yule mzee alifikiri kidogo, akasema basi kumbe mambo yako kwa Waingereza.

Mtoto wa Kiislamu, Pemba, penye msikiti na visima na majembe kila nyumba, alikosa wa kumchimbia kaburi. Alichimba Silima. Thabit alikuja na jembe lake, akavua shati, akaingia shimoni, na baba yake Mzee Turki, asiyeweza tena kushika jembe, alikaa juu ya ukingo akasoma. Mwanapili alimwosha mwanawe mwenyewe. Mke wa Thabit, Thuraiya, alimshikia maji. Nyuma ya maiti walisimama watu wasiotimia safu moja. Wakati wanarudi walipita kati ya baraza mbili, na hakuna upande uliokatiza mazungumzo.

Siku ya pili, mkeka wa matanga ukiwa umetandikwa na hauna mtu, Bi Kero alikuja. Alikuwa amejifunika kichwa kama inavyopasa na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Alimkumbatia Mwanapili. Kisha alimwita Silima uwani, akauma midomo.

"Nisamehe, Bwana Silima," alisema. "Najua mazishi si starehe. Lakini hili ni kubwa kuliko yote tuliyoyaona. Naomba uniambie, kwa majina, nani hakuja."

Silima alimwambia. Alianzia msikitini akashuka nyumba kwa nyumba, ng'ambo hii na ng'ambo ile, anamtaja mtu na alivyokataa. Kilichomtisha baadaye ni kwamba alipokuwa akitaja alihisi nafuu. Aliporudi ndani Mwanapili alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo hakumwita tena Baba Khairiya, wala hakumpa jina jingine.

Baada ya uchaguzi wa pili wa mwaka ule kulikuwa na ghasia kubwa mjini Unguja, watu walikufa, na serikali ikaogopa. Bi Kero aliambiwa afunge mizigo. Kazi yake alikuwa ameshaiandika, na kwa kuwa nauli yake ilichangiwa, nakala ilibidi iende kwa walioichangia. Aliondoka kwa huzuni, akamwachia Silima saa ya mkono na ahadi ya kwamba jina lake litawekwa mwanzo wa kitabu.

Hazikupita siku nyingi, askari waliingia Wawi. Hawakuuliza njia. Walikwenda barazani kwa Mzee Turki wakati ule ule wa kukaa, wakavunja viti vya udongo kwa mitaimbo. Wakavuka njia wakavunja ile ya pili. Wakaenda kwenye banda la mnada ambako vijana walijificha kucheza karata, mahali ambapo hata wazazi wao walikuwa hawapajui. Mchezo wa ng'ombe ulipigwa marufuku kwa jina, na nyumba ya Nyange, iliyokuwa na ngoma na mazumari ya mtaa mzima, ilipekuliwa. Nyange alipojaribu kuwazuia, askari mmoja alimpiga rungu la mdomo. Meno ya mbele yalitoka pamoja na kipande cha mdomo wa juu. Alipopona hakuweza tena kufunga midomo juu ya zumari.

Watu wa Wawi, walioshindwa kukubaliana juu ya mpira na juu ya maiti, walikubaliana juu ya hilo. Mtu aliyewataja ni Bwana Starehe. Silima alitaka kusema kwamba aliyasema kwa ajili ya elimu, lakini hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Thabit alimwambia aje nyumbani kwake, kwa kuwa baraza hakuna tena. Wakawa wanacheza bao ndani, dirisha limefungwa, na Thuraiya anawaletea chai. Hawakuyazungumza mambo ya Wawi. Miaka miwili ilikwenda hivyo, na Silima aliyaita mapema mno maisha hayo kuwa mabaya.

Mapinduzi yalifanyika Unguja, na Pemba yalifika kwa meli. Walishuka watu wenye bunduki, wakagawana vyeo, na kila mtaa ukawekewa kamati. Ya Wawi walimpa Nyange. Alikuwa akizungumza na mkono mbele ya mdomo, kwa mazoea ya kuficha pengo, na ilibidi watu wainame kumsikia. Wengine walifikiri hiyo ndiyo namna ya wakubwa kuzungumza.

Pamoja nao alikuja kijana mwembamba aliyeitwa Ndugu Abrahman. Alikuwa amesoma ng'ambo, katika nchi za mashariki, na alichosomea, alivyoeleza mwenyewe kwenye mkutano, ni utamaduni na mapumziko ya wafanyakazi. Alisema wasaa ni mali. Alisema katika utawala wa zamani wachache waliiba wasaa wa wengi kama walivyoiba ardhi. Aliyekaa barazani akinywa kahawa alikuwa amekalia mgongo wa mchumaji. Alitaka kujua, mtaa kwa mtaa, nani alikuwa na wasaa na aliutumiaje, ili serikali ya wanyonge iupange upya. Silima alisikiliza akiwa nyuma kabisa. Aliyajua maswali yale. Yalikuwa yale yale ya Bi Kero, na kwa mpango ule ule.

Nyange hakuhitaji kumtafuta. Alimpelekea mtu, akamkalisha mbele ya Ndugu Abrahman, akasema huyu ndiye ensaiklopidia yetu, neno alilolipata siku hizo. Ndugu Abrahman alifurahi. Alimwambia Silima hamlaumu kwa kuwatumikia wakoloni, kwani elimu yao nayo ni nyara ya wananchi. Alimuuliza, kwa heshima kabisa, nani Wawi alikuwa akikaa bure kila siku kuanzia alasiri mpaka magharibi.

Silima alisema watu wote walikuwa wakikaa.

"Wote walikuwa na mashamba?" aliuliza Ndugu Abrahman.

Nyange alikuwa amesimama dirishani. Mezani palikuwa na bakora, mpya, za mpera, zimefungwa pamoja kama miwa ya sokoni. Silima aliziangalia. Hakupigwa, wala hakuna aliyemtishia kwa neno. Akalitaja jina la Thabit bin Turki.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, kwenye uwanja ambao zamani ulikuwa wa ng'ombe. Watu wa vitongoji vyote waliamriwa kuja, na wanawake wakaamriwa kuja na vigelegele. Ndugu Abrahman alikuwa na wazo lake. Alisema viboko bila ya mafunzo ni ushenzi. Alitaka somo, na kila mtu aone kwa macho yake wasaa ulivyoibiwa. Kwa hivyo Silima atamuuliza mshtakiwa maswali yale ya uchunguzi, kama alivyozoea kuwauliza watu, na baada ya kila jibu Thabit atapata bakora moja kwa niaba ya aliyekuwa juu ya mkarafuu wakati huo.

Walimlaza Thabit juu ya meza ya shule, kifudifudi, kijana mmoja kashika mikono, mwingine miguu. Shati walikuwa wamelivua. Mzee Turki aliwekwa kwenye kiti mbele kabisa, kwa heshima ya uzee wake, walisema.

Silima aliuliza kwa sauti isiyosikika. Nyange alimwambia aseme upya.

"Ukishamaliza kazi, hufanya nini?"

"Nasali," alisema Thabit.

Bakora ilishuka. Nyange akauinua mkono, na wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakilia humo humo ndani ya kigelegele.

"Ukishasali, hufanya nini?"

"Nacheza bao."

Bakora ya pili ilipasua ngozi. Silima alilijua swali linalofuata. Alikuwa ameliuliza Wawi nzima, nyumba kwa nyumba, miaka ile, akiwa na kanzu safi na Kiingereza chake mdomoni. Akataka kulipita aende la baada yake. Ndugu Abrahman alimkumbusha kwa upole kwamba asiruke, maana mpango wa maswali una sababu zake.

"Wacheza na nani?"

Thabit aligeuza kichwa juu ya meza. Jicho moja lilikuwa limefungwa na jasho. La pili lilimtafuta Silima, likampata, likatulia juu yake, halina hasira hata kidogo.

"Peke yangu," alisema.

Hakukuwa na mtoto asiyejua kwamba bao halichezwi na mtu mmoja, wala hakukuwa na mtu wa Wawi asiyejua Thabit alicheza na nani tangu ndevu hazijaota. Halafu Nyange alianza kucheka, akasahau kuweka mkono mdomoni, na watu walipouona mdomo ule wazi nao wakacheka, kwanza wachache, kisha wote, kwa sababu ilikuwa salama zaidi. Ndugu Abrahman alisema jibu la uongo ni bakora mbili. Maswali yalikuwa mengi. Silima aliyauliza yote. Kwenye mengine Thabit alijibu, na kwenye ya mwisho alitoa sauti tu, na sauti nayo ikahesabiwa kuwa jibu.

Thuraiya na baba mkwe wake walimfunga kwenye shuka na kumchukua nyumbani juu ya ubao wa mlango. Silima alipotaka kushika upande, Mzee Turki alimwambia, bila ya kumtazama, "Ondoa mkono wako, mwanangu." Akauondoa.

Aliporudi kwake Mwanapili alikuwa ameshafunga kanga zake. Silima alianza kumweleza kwamba kama si yeye angekuwa mwingine wa kuuliza. Mwanapili alimsikiliza mpaka mwisho kama anavyosikilizwa mgonjwa, akatoka akashika njia ya Msuka kwa miguu. Baadaye Silima alipata habari kwamba Thabit na watu wake walipitia huko huko kaskazini wakitafuta mtumbwi wa kuwavusha kwenda bara ya Kenya, mgongo wa Thabit ukiwa umeoza na unanuka, na kwamba Mwanapili aliwaficha, akamkanda, akawapikia, akawasindikiza mpaka majini. Kama walifika, Pemba hakuna aliyejua. Silima alikwenda Msuka kumtaka mkewe arudi. Alimkuta anapepeta mpunga. Mwanapili alimwambia talaka ampe mtu yeyote anayeujua mlango wao ailete, akaendelea kupepeta.

Ndugu Abrahman alimfanya katibu wa burudani. Kwa miezi kadhaa Wawi ilistarehe kwa amri. Jumamosi ngoma, Jumapili nyimbo za kujitolea, na asiyefika aliitwa kueleza. Watu walicheza na nyuso zimekufa, na Silima akisimama pembeni akiwatazama, kazi aliyoijua. Halafu siku moja Ndugu Abrahman aliitwa mjini na hakurudi. Ilisemekana nadharia zake zilikuwa za nchi isiyokuwa rafiki tena. Aliyekuja badala yake alikuwa mtu mnene asiyesoma popote. Aliuliza kamati ya burudani ni ya nini. Alipoelezwa alisema watu wafanye kazi, akaifuta, akaamuru yule katibu apelekwe bandarini Mkoani akabebe magunia kama wenzake.

Mkoani hakuna aliyemjua Silima, na hilo lilikuwa la kwanza zuri kumpata kwa muda mrefu. Mahamali walikuwa watu wa mchanganyiko, wa Unguja, wa Pemba, wawili watatu wa Mrima, pwani ya bara, na walimpokea kama wanavyompokea yeyote mwenye mgongo. Kazi ilikuwa nzito na ilikuwa na saa yake moja ya neema: adhuhuri, baada ya sala, walilala juu ya magunia matupu kwenye kivuli cha ghala, wakala muhogo, wakataniana, na mmoja wao, mtu mkubwa aliyeitwa Kificho, alikuwa na hadithi za kuwaliza watu kwa kicheko. Siku ya kwanza walimwita. "Njoo ukae, yakhe, gunia halitoroki," alisema Kificho.

Silima hakuweza. Alijaribu kukaa, na alipokaa tu alijikuta anaangalia nani yuko karibu na ukuta na nani yuko penye jua, nani anachekwa na nani hachekwi, na yakaanza kujipanga kichwani bila ya idhini yake. Aliinuka kama mtu aliyekalia siafu. Akaenda ndani akaanza kuhamisha magunia. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Alibeba wenzake wakiwa wamelala, na uchovu ulipomzidi alibeba zaidi, kwa sababu mtu aliyechoka kabisa haoni kitu.

Msimamizi wa bandari alimwona. Alikuwa mtu mpya anayetafuta la kuwapelekea wakubwa. Aliwasimamisha mahamali wote, akamtoa Silima mbele, akauliza kama huyu anaweza kufanya kazi adhuhuri kwa mapenzi ya nchi yake, wao wana nini cha kuwalaza. Saa ile ikafutwa. Muhogo ukawa unaliwa kwa kusimama.

Walimfuata kwanza kwa maneno. Kificho alimwambia taratibu, kwa niaba ya wote, kwamba akikaa hata kidogo, akionekana amekaa, watakwenda kumwomba msimamizi na labda atawarudishia. Mzee mmoja wa Mrima aliyekuwa na pumu alimshika mkono akamwomba kwa jina la mama yake. Silima aliwaambia atakaa. Kesho yake, adhuhuri, alikaa, mikono juu ya magoti, na watu wote wakimtazama. Macho yao yakamwelemea, akainuka, akashika gunia. Yule mzee alianguka wiki ile ile kwenye ngazi ya gati akiwa na mzigo, akatolewa povu limemtoka, akafa kabla ya alasiri.

Walimngojea Silima nyuma ya ghala walipomaliza kumzika yule mzee, mchana kweupe, wala hawakujificha. Walitumia ndoana zao za kubebea magunia. Kificho alikuwa akilia. Walipomwacha, goti lake la kulia lilikuwa limefunguka na mkono mmoja hauna vidole viwili, na daktari wa hospitali, alipomshona, alimwambia kwa kumfariji kwamba kazi ya kubeba sasa basi. Kuanzia leo atakuwa mtu wa kukaa tu.

Walimweka kitanda cha karibu na dirisha. Chini yake uani, wagonjwa waliopata nafuu walikuwa wamekaa wakicheza karata. Silima aligeuza uso ukutani, akamwomba mwuguzi alifunge dirisha. Mwuguzi alisema kuna joto, na wengine wanapenda kusikia watu wakicheka, akaliacha wazi.